Benki ilinikata pesa, na afisa wa mikopo ni mkwe wangu

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi ni fundi wa cherehani, mama wa watoto watatu, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nina jambo la pesa ambalo limeingia ndani ya familia yangu, na tangu liingie sina usingizi.

Mwezi Februari 2019 nilichukua mkopo wa shilingi 480,000 kwenye benki moja hapa mjini. Nilinunua cherehani tatu za umeme na mashine ya kudarizi nembo. Riba ilikuwa asilimia 13, nilipe kwa miezi 36. Nililipa bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Machi 2020 corona ikaingia, shule zikafungwa. Nilikuwa nimeshakata vitambaa vya muhula wa pili, sare zikakaa kwenye magunia hadi vitambaa vikaanza kunuka unyevu. Nikaendelea kulipa kwa akiba mpaka Juni, akiba ikaisha.

Niliomba benki wanipe nafasi. Walinikubalia: nipumzike kuanzia Julai hadi Desemba, halafu nilipe kwa miezi 24. Aliyenisaidia ni mume wa binti yangu wa kwanza, ambaye ni afisa wa mikopo kwenye tawi hilo hilo. Ndiye aliyenijazia fomu za mkopo tangu mwanzo. Karatasi za mwaka 2020 aliniletea nyumbani, akasimama mlangoni na barakoa yake kwa sababu ya corona, nami nikatia saini juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nilimshukuru sana siku ile, na hata leo namshukuru. Desemba 2022 nikamaliza deni lote.

Mwishoni mwa mwaka jana nilitaka kuomba zabuni ya sare kwenye shule moja, wakaniambia nilete taarifa za akaunti. Benki wakanipa za tangu 2019, rundo la karatasi. Mwanangu wa kiume, anayesomea uhasibu, akaanza kuzisoma kwa kujifunza tu. Jioni akaniita. Alikuwa amepigia mistari kwa kalamu ya kijani.

Julai 2020 nilikatwa shilingi 8,700, ada ya kupanga upya mkopo, na chini yake 1,740 za ushuru. Kuanzia mwezi huo hadi Desemba, ile miezi niliyoambiwa nipumzike, kila mwisho wa mwezi kuna faini ya kuchelewa, shilingi 1,500. Bima ya mkopo, ambayo nililipa mwanzoni, imekatwa tena, shilingi 7,200. Na riba haikuwa 13 tena, imekuwa 16. Mwanangu amejumlisha, anasema zinakaribia elfu arobaini. Kwa mtu mwingine huenda ni kidogo. Kwangu ni kodi ya chumba cha kazi kwa miezi kadhaa.

Nilimwita mkwe wangu nikamwonyesha. Akakaa kimya, kisha akasema kompyuta ndiyo inayokata yenyewe, yeye hana mkono hapo. Nikamwelewa. Lakini baada ya siku chache akaja na binti yangu, wakaketi mbele yangu kama watu waliokuja kuomba msamaha. Akasema, "Mama, hizo pesa nitakulipa mimi mwenyewe, elfu mbili kila mwezi. Tafadhali usipeleke barua." Tawi lao linapunguza wafanyakazi na anaogopa jina lake likionekana kwenye malalamiko ataondolewa yeye. Binti yangu alilia. Ana mtoto mchanga na hana kazi.

Mwanangu wa kiume amekasirika. Anasema, "Mama, ni jasho lako, na shemeji anataka kuificha benki." Sasa yeye na dada yake hawasemezani. Baba yao ni dereva wa trela, yuko njiani muda mwingi, nikimpigia ananiambia niachane nayo, benki haishindwi, na nikileta fujo nitawekwa CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni, nisipate mkopo tena. Kuna bwana mmoja anayeshinda karibu na mahakama, nimeelekezwa kwake na jirani, anasema atanirudishia pesa zote, nimpe 6,000 kwanza na nusu ya kitakachopatikana.

Sijui hata kama nina haki, maana nilitia saini mwenyewe. Na kama ninayo, nitaidaije bila kumvunjia binti yangu nyumba? Mkwe wangu ni kijana wa heshima, hajawahi kuniinulia sauti. Sitaki kuwa mama mkwe anayetajwa kwa ubaya. Lakini kila nikikaa kwenye cherehani naziona zile faini za elfu moja mia tano, za miezi ambayo wao wenyewe waliniambia nipumzike, na moyo unakataa.

Nisaidie kufikiri.

Mshonaji wa Kisauni

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa Kisauni,

Asante kwa kuniamini na jambo zito kama hili, na kwa kulieleza kwa uangalifu ambao wengi hawauwezi. Umenipa tarehe, umenipa kiasi, umenipa na maneno ya kila mtu. Hilo peke yake linaonyesha kwamba hujaja hapa kwa hasira.

Ninavyokuelewa, una mambo mawili ambayo yamefungwa kwenye fundo moja. Kuna makato ambayo benki imekutoza, na kuna mkwe wako ambaye yumo ndani ya benki hiyo. Kila mtu aliye karibu nawe anazungumza kana kwamba ukidai la kwanza ni lazima umwangamize wa pili. Sina hakika kwamba ni hivyo, na ningependa tuyatazame mbalimbali kabla ya kurudi kwenye familia.

Tuanze na zile elfu arobaini. Mwanao amezijumlisha na amefanya kazi nzuri, lakini wewe ni fundi, unajua nguo iliyoharibika hufumuliwa mshono mmoja mmoja. Makato haya hayana uzito mmoja, na ukiyapeleka benki yakiwa fungu moja, watakujibu kwa lile dhaifu kuliko yote na kuyanyamazia mengine.

Ada ya 8,700 ndiyo inayonifanya nikae wima. Tarehe 18 Machi 2020, Benki Kuu ya Kenya, wakati huo chini ya Gavana Patrick Njoroge, ilitangaza hatua za dharura kwa waliokopa na kuathiriwa na corona. Mkopo ambao ulikuwa haujachelewa kulipwa kufikia tarehe 2 Machi 2020 ungeweza kuongezewa muda au kupangwa upya, na tangazo lilisema waziwazi kwamba gharama zote za kufanya hivyo zibebwe na mabenki. Hatua hizo zilidumu hadi tarehe 2 Machi 2021. Wewe ulikuwa hujachelewa, uliomba kwa sababu shule zilifungwa, na ulipangiwa upya Julai 2020. Kwa maelezo uliyonipa, sioni ni kwa msingi gani ulitozwa ada hiyo. Na ile 1,740 ni ushuru wa bidhaa, ambao wakati huo ulikuwa asilimia 20 ya ada za benki. Ushuru huu huzaliwa na ada. Ada ikirudishwa, nao uulizie.

Zile faini za kuchelewa hazihitaji hata tangazo la Benki Kuu. Kama barua yao ilisema hulipi hadi Januari 2021, ulichelewa kulipa nini? Hapo benki inapingana na karatasi yake yenyewe. Hizo ni 9,000 ambazo ushahidi wake unaweza kuenea kwenye kurasa mbili tu: ukurasa wa barua iliyokupa mapumziko, na ukurasa wa taarifa ya akaunti wenye faini.

Bima ni jambo la kuuliza kabla ya kulaumu. Mkopo wako wa kwanza ulikuwa wa miezi 36, uishe mapema 2022. Ulipopangwa upya ukasogea hadi Desemba 2022. Inawezekana 7,200 zilikuwa za kuifunika ile miezi iliyoongezeka. Inawezekana pia ulilipishwa mara mbili kwa muda ule ule. Hati za bima ndizo zitakazosema, na una haki ya kuonyeshwa hati zote mbili, na tarehe za kuanza na kumalizika.

Riba ndiyo ngumu, na hapa nataka twende polepole, maana nadhani ndipo mwanao atakapotaka kupigana zaidi. Mwaka 2019 asilimia 13 haikuwa hisani ya benki yako. Sheria ya mwaka 2016 ilizuia riba ya mkopo isizidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kiwango hicho kilikuwa 9. Kizuizi kiliondolewa Novemba 2019, lakini mikataba iliyofanywa kikiwa bado kipo iliachwa iendelee kwa masharti na riba yake. Kwa hiyo benki haikuweza kuamka tu na kukupandishia. Isipokuwa, dada yangu, wewe na wao mlifanya mkataba mpya Julai 2020. Karatasi uliyoitia saini juu ya meza ya vitambaa inasema riba ni ngapi? Hukuniandikia, na huenda huna nakala.

Kama inasema 13, au haitaji riba kabisa, una hoja nzito. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinazikataza benki kuongeza viwango vya ada na tozo zake bila idhini ya Waziri wa Fedha, na Juni 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, ilishikilia kwamba katazo hilo linagusa riba pia. Kama karatasi inasema 16 na saini yako iko chini yake, benki itasema ulikubali. Hapo bado unaweza kuuliza kama kiwango hicho kilikuwa na idhini, na kama ulielezwa kabla ya kutia saini, lakini mabishano yatakuwa marefu, na pengine utahitaji wakili. Mwanao alikipigia hesabu kama kitu kilichokwisha thibitika. Bado hakijathibitika.

Sasa nikuulize kuhusu maneno yako, "nilitia saini mwenyewe." Ulitia saini nini hasa? Saini yako inaweza kukufunga kwa riba iliyoandikwa juu yake. Haiwezi kukufunga kwa faini ambayo haikuandikwa popote, wala haiipi benki ruhusa ya kukutoza kitu ambacho msimamizi wake ameagiza isikutoze. Mwongozo wa Benki Kuu wa kuwalinda wateja, unaotumika tangu 2013, unaitaka benki imjulishe mteja siku 30 kabla ya kubadilisha ada. Katiba nayo, kifungu cha 46, inampa mnunuzi wa huduma haki ya kupewa habari anazohitaji na kufidiwa hasara. Huna sababu ya kuingia pale kwa unyonge kama mtu aliyekuja kuomba msaada.

Mzee wako anahofia CRB. Nadhani anakutakia mema, na hofu hiyo ni ya Wakenya wengi. Lakini mashirika hayo hutunza rekodi za jinsi watu wanavyolipa madeni. Wewe huna deni, ulimaliza 2022. Kulalamika si kukataa kulipa. Kama hofu haiishi, omba ripoti yako sasa, kabla hujapeleka lolote. Kila shirika la CRB hukupa ripoti moja ya bure kwa mwaka. Ihifadhi. Ukiona baadaye imebadilika, utakuwa na cha kuonyesha.

Turudi kwa mkwe wako, maana najua ndipo moyo wako ulipo.

Amekuambia kompyuta ndiyo iliyokata. Mimi namwamini zaidi ya mwanao anavyomwamini. Ada, faini na riba katika benki hupangwa makao makuu, na afisa wa tawi hujaza fomu ambayo hakuiandika. Kama mapumziko yako hayakuingizwa sawasawa kwenye mfumo, faini zingejikata zenyewe mwezi baada ya mwezi bila mtu kugusa kitu. Inawezekana wapo wateja wengine wa tawi lile waliokatwa hivyo hivyo, na hakuna aliyewaonyesha kwa kalamu ya kijani.

Lakini basi kwa nini akubali kukulipa kutoka mfukoni mwake? Mwanao anaona ni dalili ya hatia. Mimi naona inaweza kuwa hofu tu, au heshima ya mkwe anayeona aibu mbele ya mama wa mkewe. Inaweza pia kuwa alisahau kitu mwaka ule na anakijua. Hatuna namna ya kulijua hilo kutoka kwenye barua, na sidhani unahitaji kulijua ili udai. Ninachokuomba ukitazame ni kile anachokupa. Elfu mbili kila mwezi, mpaka ifike elfu arobaini, ni zaidi ya mwaka na nusu. Pesa hizo zitatoka kwenye mshahara unaomlisha binti yako na mjukuu wako mchanga, zilipe kosa la benki. Kila mwezi akikuletea, nyote mtakumbuka. Unaweza ukaona ni afadhali hivyo kuliko barua, na sitakulaumu. Ila usiichukue kwa kudhani ndiyo njia isiyo na gharama.

Je, kweli barua yako itamfukuzisha kazi? Siwezi kukuahidi kwamba haitaleta maswali. Benki ikipokea malalamiko itafungua faili, na jina la aliyeshughulikia mkopo limo. Huenda pia wakauliza kama alitoa taarifa kwamba mteja ni mama mkwe wake, kwa sababu maafisa wa mikopo kwa kawaida hutakiwa kulisema hilo. Hili ni swali la kumuuliza yeye, kwa upole, kabla barua haijaondoka: ulisema? Kama alisema, hofu yake kubwa inapungua. Kama hakusema, ni heri alifikishe kwa mkubwa wake yeye mwenyewe, kuliko ligunduliwe kwenye faili.

Kuna jambo moja ambalo linaweza kumtia matatani kweli, nalo liko mikononi mwenu. Usimwombe akutolee nakala za ndani ya benki. Usimwombe azungumze na meneja kwa niaba yako. Usimwombe "arekebishe" kitu kwenye mfumo. Akifanya lolote kati ya hayo kwa mapenzi yake kwako, hapo ndipo kosa litakuwa lake. Nyaraka ziombe wewe, kama mteja, kwa barua yako.

Ukiamua kuandika, barua unaweza kuielekeza kwenye kitengo cha malalamiko makao makuu, nakala kwa meneja wa tawi. Isiwe na jina la mtu yeyote. Iseme ulikopa nini, ulipangiwa upya lini, kisha kila kato kwa tarehe yake na kiasi chake, na swali moja kwa kila kato: kwa msingi gani? Omba nakala ya mkataba wa 2019 na wa 2020, na hati za bima. Ongeza ukitaka kwamba unashukuru kwa ulivyohudumiwa tawini na kwamba dai lako ni juu ya tozo. Hilo ni kweli kwa maneno yako mwenyewe, na litakaa kwenye faili. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo urudi nayo nyumbani.

Benki nyingi, zikiona barua yenye tarehe na kiasi, hurudisha yale yaliyo wazi bila vita. Wakati mwingine hukupa nusu na karatasi ya kutia saini kwamba hutadai tena. Karatasi hiyo isome mara mbili. Huenda nusu hiyo inakutosha na unataka amani, na ni uamuzi wa heshima. Lakini ukitia saini, riba nayo itakuwa imezikwa humo.

Wakikataa au wakinyamaza, unaweza kuandikia Benki Kuu, ambayo ina tawi Mombasa. Nisikupe matumaini ya uongo: Kenya haina msuluhishi huru wa malalamiko ya benki kama walio nao Uingereza au Afrika Kusini, na Benki Kuu si mahakama. Itaitaka benki ijieleze, na mara nyingi hilo peke yake husogeza mambo, lakini inaweza kuchukua muda.

Halafu kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Hatari zake nazo zipo. Benki italeta wakili wake. Ukishindwa unaweza kuagizwa kulipa gharama. Na kesi ni ya wazi, kwa hiyo yale ambayo mkwe wako anayaogopa kwa barua yatakuwa makubwa zaidi mahakamani, hata kuitwa shahidi. Njia hiyo mwanao anaiona kuwa ya kwanza. Mimi ningeiweka mbali zaidi, lakini nisingeifunga.

Nisingeifunga kwa sababu ya muda. Madai ya mkataba Kenya yana kikomo cha miaka sita. Ada yako ya Julai 2020 inatimiza miaka sita Julai mwaka huu wa 2026, na faini zinafuata mwezi kwa mwezi hadi Desemba. Kubishana na benki kwa barua hakuisimamishi saa hiyo, kinachoisimamisha ni kesi iliyofunguliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "subiri kwanza", jua kwamba kungoja nako kuna bei yake. Unaweza kuchagua kungoja, lakini uwe umechagua.

Yule bwana wa karibu na mahakama, kwa kweli ananitia wasiwasi. Anataka 6,000 kabla hajafanya lolote, na nusu baadaye, kwa barua ambayo mwanao anaweza kuiandika mezani kwako. Muulize kama ni wakili, kisha mtafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, LSK. Usimpe kitambulisho, wala nambari ya siri, wala saini kwenye karatasi tupu. Kama unataka mtu wa sheria akusomee mkataba, Kituo Cha Sheria kinatoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo na kina ofisi Mombasa. Nenda na taarifa zako za akaunti na barua ya mapumziko.

Na watoto wako. Nilipofika pale unaposema hawasemezani, nilisimama kidogo. Mwanao amefanya jambo jema na pengine anajiona kama ndiye mlinzi wako sasa, baba akiwa njiani. Mwambie umeiona kazi yake, na umwombe jambo moja gumu zaidi ya hesabu: aache kumwita shemeji yake mwizi mpaka mkataba wa 2020 upatikane. Yeye mwenyewe ni mtu wa vitabu, atakubali kwamba hukumu haitangulii karatasi.

Binti yako mkutane peke yenu, bila mumewe, ukiwa bado hujaamua. Asisikie uamuzi, asikie unavyowaza. Mwambie hutataja jina la mtu. Mwonyeshe rasimu ya barua kama ipo, aisome, akuambie ni sentensi ipi inayomtisha. Huenda ukaibadilisha, huenda usiibadilishe. Pia muulize kitu ambacho sidhani mtu amemuuliza: wao wanaishi vipi hivi sasa, na hofu ya kazi ya mumewe ilianza kabla ya kalamu ya kijani au baada yake? Kama tawi linapunguza watu, hofu hiyo ilikuwepo nyumbani mwao kabla yako, na itabaki hata ukinyamaza.

Unaweza pia kudai yale mawili yaliyo wazi tu, ada na faini, na kuiacha riba. Unaweza kuomba nyaraka kwanza bila kudai chochote, uone zinasema nini, ndipo uamue. Unaweza kuyaacha yote, ukijua umeyaacha kwa nini. Mimi sipo kwenye meza yenu na siwezi kupima uzito wa nyumba ya binti yako dhidi ya jasho lako. Ila ombi la nyaraka halimlaumu mtu na halikufungi kwa lolote. Lipeleke kabla ya Pasaka kama unaweza, ili jibu lao, liwe zuri au baya, likukute bado una miezi ya kufikiri kabla ya Julai. Ukishaupata ule mkataba, niandikie tena uniambie mstari wa riba unasomaje.

Wako,
Mshauri